Maswali ya Wasomaji: Kigari Kidogo cha Mtoto cha Magurudumu Matatu

SWALI

Mhariri, salaam. Ninaishi Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya pili katika jengo lisilo na lifti, na nina mtoto wa miezi saba. Mume wangu huenda kazini na gari letu dogo aina ya Vitz, hivyo siku nyingi mimi hutembea kwa miguu kwenda sokoni, kliniki na kwa mama mkwe, na jua likizidi hupanda bajaji. Mtoto ameanza kuwa mzito na mbeleko inaniumiza mgongo. Kariakoo nimeona vigari vidogo vya magurudumu matatu vinavyokunjika. Muuzaji mmoja ameniambia kwamba hivyo vinapinduka upesi, mwingine akasema ndivyo vinavyofaa kwa barabara zetu. Nimwamini nani, na nikague nini kabla sijatoa fedha?
Mama wa Upanga

JIBU

Dada yangu, wauzaji hao wawili kila mmoja ameshika upande mmoja wa ukweli. Kinachowatenganisha ni ukubwa wa magurudumu, jambo ambalo inaelekea hakuna aliyekutajia.

Tuanze na hofu ya kupinduka. Kigari cha magurudumu matatu husimama juu ya pembetatu, na pembetatu hiyo huzidi kuwa nyembamba kadiri unavyokwenda mbele. Kwa hiyo mtoto akiinama mbele na kuegemea upande mmoja, au wewe ukikata kona kwa haraka huku gurudumu moja la nyuma limepanda ukingo wa barabara, kigari hicho kitaanguka mapema kuliko cha magurudumu manne chenye upana uleule. Watengenezaji makini hupunguza hatari hiyo kwa kuyatanua magurudumu ya nyuma na kukishusha kiti, ili uzito wa mtoto ukae kule ambako pembetatu ni pana. Kiti kikisogezwa nyuma mno huzuka tatizo jingine, yaani kigari huanguka chali, na hilo hutokea zaidi pale mama anapotundika mfuko wa sokoni kwenye mpini kisha akamtoa mtoto kitini. Viazi na vitunguu vikae kwenye kikapu cha chini, na mpini usitundikwe kitu.

Jaribio lake ni rahisi na muuzaji mwema hatakukatalia. Weka kitini mfuko wa mchele wa kilo kumi, ufunge mkanda, kisha usukume mpini kwa upande, polepole, kushoto na kulia. Baada ya hapo kizungushe kigari kama unayekata kona. Gurudumu la nyuma likinyanyuka kwa msukumo mdogo, kiache kigari hicho hapohapo, hata kama bei imeshuka.

Sasa tumwendee muuzaji wa pili. Sifa ya magurudumu matatu kuvumilia njia mbaya imetoka Marekani, ambako mwaka 1984 Phil Baechler, mkimbiaji wa mji wa Yakima katika jimbo la Washington, alianza kuuza kigari chenye magurudumu ya baiskeli ili mzazi aweze kukimbia huku akimsukuma mtoto. Kilichovuka mashimo katika kigari kile ni ukubwa wa magurudumu na upepo uliokuwa ndani ya matairi. Vigari vidogo vya leo vimerithi umbo lile la pembetatu, lakini vingi vimewekewa magurudumu ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 13 hadi 15. Gurudumu la namna hiyo litateleza vizuri kwenye sakafu ya duka, lakini likifika kwenye mabamba ya zege yanayofunika mitaro huko kwenu, litaingia katika uwazi ulio kati ya bamba na bamba na kukwama. Mama naye huwa bado anasukuma, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya kigari hunyanyuka na mtoto hurushwa mbele juu ya mkanda. Kwa sababu hii nakushauri uende dukani na futi ya kupimia, na usichukue kigari ambacho gurudumu lake la mbele liko chini ya sentimita 18. Ya nyuma yakiwa makubwa kuliko hapo ni bora zaidi.

Gurudumu likiwa na ukubwa wa kutosha, faida ya kuwa nalo moja tu mbele ni ya kweli kabisa. Unahitaji mstari mmoja tu ulio safi kati ya mashimo, nawe unaugeuza mpini kwa mkono mmoja. Ukifika kwenye ukingo wa barabara, unaubonyeza mpini chini, sehemu ya mbele inanyanyuka, unapanda. Hata hivyo gurudumu hilo moja ndilo linalobeba mapigo yote, kwa hiyo likague kuliko kitu kingine chochote. Lishike kwa vidole na ulitikise upande hadi upande; likilegalega lingali jipya, hali itakuwa mbaya zaidi baada ya miezi michache. Hakikisha kwamba linaweza kuzunguka huku na huku, na pia kwamba lina kifungo cha kulikaza lielekee mbele tu, kwani kwenye kokoto na mchanga gurudumu lililo huru hujipinda na kusimama kiubavu. Mwaka 2018 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa (CPSC) ilifungua shauri kuhusu vigari vya magurudumu matatu ambavyo gurudumu la mbele lilifungwa kwa wenzo wa kufyatua haraka, kwa kuwa gurudumu lilikuwa likichomoka kigari kikiwa njiani na watu wakaumia. Ikiwa kigari utakachochagua kina wenzo kama huo, mwambie muuzaji alitoe gurudumu na kulirudisha mbele yako, kisha ulifunge wewe mwenyewe, na nyumbani uzoee kulivuta uone kama limekaza kila unapotaka kutoka.

Ngazi zako ndizo zitakazoamua uzito. Vigari vidogo kabisa vina kilo 6 au 7, na vile vikubwa vyenye matairi ya upepo hufika kilo 10 hadi 13. Mtoto wa miezi saba ana kilo nane hivi, na atakapofika miaka miwili ataelekea kilo 12, nawe utapanda ghorofa mbili ukiwa naye, pamoja na kigari na mfuko. Usikubali kamwe ushauri wa kumwacha mtoto chini ndani ya kigari, hata kwa dakika moja, ili upandishe mizigo kwanza. Kinachotangulia juu ni mtoto, na kigari kinaweza kubaki chini kimefungwa kwa mnyororo kwenye nondo ya ngazi ikiwa majirani wameridhia. Kwa hali yako mimi ningetafuta cha kilo 7 hadi 9 chenye matairi ya povu gumu, ambayo hayapati pancha, na ningevumilia mtikisiko kidogo kuliko kuburuta kilo 12 ngazini kila siku.

Jaribu kukikunja dukani ukiwa umempakata mtoto, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa pale dereva wa bajaji anapokusubiri huku magari ya nyuma yanapiga honi. Kama huwezi kukikunja kwa mkono mmoja, utajikuta unamkabidhi mtoto kwa mtu usiyemjua kila unapotaka kusafiri. Vigari vingi vya magurudumu matatu vikikunjwa hubaki virefu, au magurudumu ya nyuma hubaki yametanuka vilevile. Pima buti la Vitz kwa upana, kina na kimo, na upime pia ile nafasi iliyo nyuma ya kiti cha abiria katika bajaji, ukaviandike vipimo hivyo kwenye karatasi kabla ya kwenda Kariakoo.

Wakati unakunja, tazama bawaba. Mwaka 2009 takribani vigari milioni moja vya kampuni moja viliitwa virudishwe huko Marekani baada ya bawaba zake kukata ncha za vidole vya watoto. Bawaba nzuri imefunikwa, na kigari kizuri kina komeo la pili linalokizuia kisijikunje chenyewe mtoto akiwa ndani. Hata hivyo, mtoto awe mbali unapokifungua, kila mara.

Breki ifunge magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pedeli moja unayoweza kuikanyaga na kuinyanyua ukiwa umevaa kandambili. Mkanda uwe ule unaoshika sehemu tano, yaani mabega yote mawili, nyonga zote mbili na katikati ya mapaja, kwa sababu mkanda wa kiunoni pekee humwacha mtoto ateleze chini au asimame. Kwenye lebo tafuta alama EN 1888, ambayo ni kanuni ya Ulaya ya vigari vya watoto: sehemu yake ya kwanza inahusu watoto wasiozidi kilo 15, ya pili wale wanaofika kilo 22. Lebo ni rahisi kuchapishwa na mtu yeyote, hivyo ichukulie kuwa mwanzo wa ukaguzi, na udai kijitabu cha maelezo. Miezi saba ni umri mzuri wa kuanza, maana mtoto anaweza kukaa mwenyewe. Mwenye kichanga wa wiki chache anahitaji kigari kinacholala bapa, kwa kuwa kichwa cha mtoto huyo kikiangukia kifuani njia ya hewa hubanwa, na vigari vidogo vingi havilali kiasi hicho.

Mbeleko usiitupe. Kwenye kituo kilichojaa watu, au siku mvua imeujaza mtaa maji, kigari chochote kitakushinda na mbeleko itakufikisha nyumbani.

SWALI

Mhariri, nimenunua kigari cha mtumba hapa Nairobi, cha magurudumu matatu yenye upepo. Tairi la mbele limeisha upepo na duka la vifaa vya watoto halina tyubu yake. Je, nimepoteza pesa? Nilitaka pia nikitumie ninapokimbia asubuhi na binti yangu wa miezi mitano.
Baba wa Kwanza, Nairobi

JIBU

Ndugu yangu, hujapoteza kitu. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Yakiwa 12½ × 2¼, hicho ni kipimo cha baiskeli za watoto wadogo, na fundi baiskeli atakuwa na tyubu yake au ataiagiza. Mwambie tu kwamba unataka yenye valvu iliyopinda, kwa kuwa rimu za vigari ni ndogo na valvu iliyonyooka haiachi nafasi ya kuingiza pampu. Jaza kwa pampu ya mkono hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na uepuke mashine ya upepo ya kituo cha mafuta, kwani hiyo imekusudiwa magari na hupasua tyubu ndogo kabla hujaondoa mkono. Upepo ulingane katika magurudumu yote mawili ya nyuma, la sivyo kigari kitakuwa kinavuta upande mmoja.

Kwa sababu ni cha mtumba, andika jina la modeli na namba yake, kisha utafute kwenye tovuti ya ile tume ya Marekani niliyoitaja juu ili uone kama modeli hiyo imewahi kuitwa irudishwe. Vuta mikanda kwa nguvu zako zote, chunguza nyuzi palipo na mshono, na pitisha kidole kwenye kila kiungo cha fremu kutafuta ufa.

Kuhusu kukimbia, subiri. Shingo ya mtoto wa miezi mitano bado haina nguvu ya kuvumilia mtikisiko huo. Watengenezaji wengi huweka miezi sita kuwa umri wa chini kabisa na baadhi yao miezi minane, kwa hiyo mwulize daktari wa mtoto kabla ya kuanza. Hata wakati huo, hakikisha kijitabu kinasema wazi kwamba kigari kimetengenezwa kwa kukimbilia, maana kuwa na magurudumu matatu hakutoshi. Gurudumu la mbele likazwe lielekee mbele, kwa sababu likiwa huru katika mwendo wa kasi huanza kutetemeka na linaweza kugeuka ghafla, na kile kikamba kinachofunga mpini na mkono wako ukivae tangu unapoanza hadi unaposimama.

SWALI

Mhariri, mimi ni bibi, naishi Mji Mkongwe, Zanzibar. Namtembeza mjukuu wangu kwa kigari cha magurudumu matatu na kwenye vichochoro vyetu kinageuka vizuri sana. Juani hukifunika kwa kanga. Mwanangu ananikataza, nami naona namkinga mtoto. Nani ana haki?
Bibi, Mji Mkongwe

JIBU

Shikamoo, Bibi. Nia yako ni njema na jua la saa sita si la kumwachia mtoto, ila katika hili mwanao anasema kweli. Kanga kavu ikizibwa pande zote huzuia upepo, na hewa iliyo ndani hupata joto kupita hata ile iliyo nje, huku wewe ukiwa humwoni mtoto kama anatoka jasho jingi au amelegea. Tumia paa la kigari lenyewe au mwavuli mdogo wa kubana kwenye fremu, uache mbele na pembeni wazi, na ushike shingo ya mtoto kila mara kuona kama ina joto. Ikikulazimu kutumia kanga, itandaze juu ya paa tu, isiteremke usoni. Afadhali zaidi ni kutoka naye kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya alasiri, wakati kuta za vichochoro zinapotoa kivuli.

Kwa kuwa unakaa karibu na bahari, kuna jambo moja la ziada. Chumvi hula beringi za magurudumu na vyuma vya breki kabla fremu haijaonyesha kutu. Ukirudi kutoka ufukweni, mwambie kijana yeyote wa nyumbani ayaoshe magurudumu kwa maji ya kisima au ya bomba, ayafute, na mara moja kwa wiki atie tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, bila kuyagusisha kwenye tairi wala kwenye breki. Breki ikianza kuteleza, kigari kisitoke nje mpaka fundi ameitazama.