Kichochoro cha pembeni mwa nyumba kisichodai kazi nyingi

Ndugu, kwa kuwa umeeleza kwamba kichochoro chako cha hapo Dar es Salaam kina upana wa mita moja na nusu tu kati ya nyumba na ukuta wa uzio, kwamba magugu yamekijaa na kwamba maji hutuama wakati wa masika, ningekushauri uanze na maji kabla ya kufikiria maua. Tazama chini ya ukingo wa bati: utaona mstari wa vishimo vilivyochimbwa na matone, na hapo ndipo udongo hurukia ukutani na kuchafua rangi. Sawazisha ardhi iwe na mteremko mdogo unaotoka kwenye msingi wa nyumba, ng'oa magugu pamoja na mizizi, tandika viroba vitupu vilivyofumwa, ambavyo hupitisha maji tofauti na nailoni, kisha mwaga kokoto kwa unene wa sentimita tano hivi. Vipande vya zege vilivyopangwa hatua kwa hatua vitatosha kuwa njia.

Mahali panapopata jua la saa sita mchana pekee, ile mimea yenye majani magumu yaliyosimama kama panga (sansevieria) hustahimili kivuli na kukosa maji kwa wiki kadhaa, ila uipande kwenye vyungu, kwa sababu mizizi yake husambaa. Mshubiri na mchaichai viwekwe penye jua zaidi. Tafadhali usirundike udongo ukutani, kwani unyevu na mchwa hupitia hapo.