Kompresa isikudanganye: pima nyufa kabla hujanunua pampu

Kijana mmoja wa fani yetu ameniandikia: "Kaka, kisima kimetoa maji mengi sana tulipokisafisha kwa kupuliza hewa ya kompresa. Kuna haja gani ya kuwasha pampu ya majaribio saa 24?" Mwenye kiwanja mmoja hapa Dodoma aliwahi kuniambia mbele ya vibarua wangu kwamba natafuta kumlipisha dizeli tu. Bado linaniuma.

Huku tunachimba kwenye granaiti. Jiwe lenyewe kavu, maji yako kwenye nyufa, na ufa ukiwa mpana mara mbili hupitisha maji mara nane kwa shinikizo lile lile. Ndiyo maana kisima kimoja kinabubujika na cha hatua chache pembeni kinatoa vumbi. Kompresa inakutolea maji yaliyokuwa karibu. Kama yanarudi au hayarudi, haijui. Ila hewa nayo ina umbea wake: tulipopuliza kisima cha yule bwana, cha jirani kikaanza kutoa mapovu. Nikajua nyufa zimeungana, nikaweka mtu wa kupima huko pia.

Usiku ule wa pampu ya majaribio, maji kisimani yalishuka taratibu, sentimita chache kwa saa. Kwenye saa saba hivi yakapita usawa wa ufa mkubwa, mita 43, yakaporomoka, kipima kina kikawa hakiyafikii kila nikikishusha. Nikampunguzia kiwango cha kuvuta ili maji yabaki juu ya ufa. Kisima kinatoa mpaka leo. Asante sijaisikia.

Vijana, mnapenda kupiga picha na mtambo, daftari hamlitaki. Andikeni kina cha maji! Mwanzo kila dakika, kisha achieni nafasi. Pimeni maji yanayotoka kwa ndoo na saa, kiwango kisibadilike. Mkizima pampu, msilale. Andikeni maji yanavyopanda, maana hapo pampu haivurugi tena vipimo. Makutupora, panapotoka maji mengi ya mji huu, vina vya maji ya ardhini vimeandikwa tangu miaka ya 1950, ndiyo maana tunajua mvua za El Nino za 1997/98 zilivyokijaza tena chanzo kile. Kuna watu waliandika miaka na miaka bila kupigiwa makofi.

Nawe uliyeuliza, kama fedha ya saa 24 haipo, anza na pampu ndogo, ufunge na elektrodi, yaani vihisi vya maji, za kuizima kabla maji hayajashuka hadi kwenye ufa.