CD ya programu ikikwaruzika, ikopi kwanza ndio uinstoo

Wadau habari zenu. Leo tuongelee CD za kuinstoo programu, najua wengine mtasema hizo zilishapitwa na wakati lakini mimi kazi yangu ni kompyuta hapa Moshi mjini na bado naletewa sana, na wala si za Windows tu, nyingi ni za mashine. Mashine za darizi, printa za zamani, vipimo vya maabara kwenye zahanati, programu ya mahesabu ambayo duka linaitumia miaka nenda rudi na aliyeitengeneza hata hapatikani tena. Hizo ndizo zinazouma, maana huwezi kusema basi nitaidanlodi, haipo popote, iko kwenye hiyo CD yako iliyokwaruzika. Kwa hiyo kama yako imeanza kugoma usiirudishe kwenye draivu kwanza, soma hapa.

Ninachokiona kila siku ni hiki. Mtu anaweka CD, inaenda inaenda inakwama, anaitoa, anaifuta kwenye shati, anairudisha, inakwama palepale, anarudia tena na tena. Sasa vumbi la kwetu hapa mwezi wa kwanza wa pili mnalijua, ukifuta CD kwa shati lenye hilo vumbi ni sawa na kuipiga msasa. Halafu ile programu iliyoingia nusu inaacha mabaki yake kwenye kompyuta, siku ukipata CD nzima unaambiwa tayari ipo, au inagoma tu bila maelezo, unaanza kuhangaika na tatizo la pili.

Ngoja nieleze kidogo kwa nini inakwama. CD imeandikwa na ziada ya kujisahihisha, yaani mkwaruzo mdogo draivu inaziba pengo yenyewe wala hujui. Tatizo ni pale pengo linapokuwa kubwa kuliko hiyo ziada, hapo draivu inarudia kusoma sehemu ileile, utaisikia inapunguza spidi inaongeza inapunguza, mwisho unaletewa ule ujumbe wenye herufi CRC, yaani data haikusomeka sawasawa. Na kuinstoo hakuna msamaha, faili moja likikosekana kazi yote inasimama. Ila kukopi ni tofauti, unaweza kuruka palipoharibika, ukachukua vyote vilivyo vizima, halafu ukarudi taratibu kwenye yale mapengo. Ndio maana nasema kopi kwanza.

Kabla ya kukopi iangalie. Inyanyue uielekeze kwenye taa, upande wenye maandishi ukutazame wewe. Ukiona vitobo vya mwanga vinapenya ujue pale data imeondoka, haitarudi kwa dawa yoyote. Wengi hawajui kwamba kwenye CD data iko karibu na upande wa juu wenye maandishi, chini ya rangi tu, ule upande wa chini unaong'aa ni plastiki nene ya kama milimita 1.2. Kwa hiyo mkwaruzo wa chini mara nyingi unatibika, wa juu hautibiki. DVD yenyewe iko tofauti, data imebanwa katikati ya plastiki mbili. Na kama ina ufa unaoanzia kwenye tundu la kati usiiweke kwenye draivu ya spidi kubwa kabisa, inaweza kupasukia humo ndani ukapoteza vyote viwili.

Kuosha: maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba, unafuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Data imeandikwa kwa kuzunguka, kwa hiyo ukizungusha na ukaacha mkwaruzo, unafuata njia ileile ya data na unaua kipande kirefu, ila ukikata kwa kunyooka unagusa kidogo kidogo na ile ziada inaziba. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha usiguse, inakula plastiki. Dawa ya meno inasaidia kweli kwa mikwaruzo ya juujuu ya upande wa chini, ile nyeupe ya kawaida sio ya jeli, lakini mimi naiweka mwisho kabisa, baada ya kukopi kila kinachokopika, kwa sababu ukikosea mkono hakuna kurudi nyuma.

Sasa niwape mfano wa mama mmoja wa Majengo, anadarizi nembo za sweta za shule. Laptopu yake iliibiwa, akanunua nyingine, akaja na CD ya mashine imefungwa kwenye kitenge. Nikamwambia shikamoo mama, akaitikia marahaba huku anafungua lile fundo, "Mwanangu hii ndio ofisi yangu." Aliyemuuzia mashine alishamwambia anunue programu upya, bei yake ilikuwa karibu na ya mashine nyingine. CD ilikuwa na mkwaruzo umepinda kama robo duara, upande wa chini, bahati upande wa juu ulikuwa mzima.

Nilichofanya, sikugusa kuinstoo. Niliwasha kompyuta kwa flashi ya Linux (mfumo wa bure unaowasha kompyuta badala ya Windows) nikatumia programu ya bure inaitwa ddrescue. Hii inakopi CD nzima kuwa faili moja la ISO, ikikutana na sehemu mbovu inaruka inaendelea, na inaandika ramani ya sehemu ilizoruka. Uzuri wake ndio huo, ile ramani. Unaihamisha CD kwenye draivu nyingine, unaiambia iendelee na ramani ileile, yenyewe inahangaika na mapengo tu. Draivu hazifanani macho, ile nyembamba ya laptopu ilishindwa sehemu kubwa, nikaenda kwenye desktopu kuukuu draivu nene ikasoma karibu yote, mapengo yakabaki machache sana. Nikaangalia yameangukia wapi nikakuta ni kwenye kitabu cha maelekezo cha lugha ambayo huyu mama haisomi. Mafaili ya programu yote mazima. Laptopu yake ilikuwa na Windows 10, kwa hiyo lile ISO unaligonga mara mbili tu linafunguka kama CD (kuanzia Windows 8 iko hivyo), tukainstoo kutoka hapo, na kile kidude cha USB cha leseni alikuwa nacho, ikakubali. Alikaa palepale akadarizi jina la mjukuu wake kujaribu.

Hapo kwenye leseni ndugu zangu naomba mnisikie. CD ni chombo tu, ulichonunua hasa ni ile namba ya leseni au hicho kidude cha USB. Watu wanatupa kava lenye namba wanabaki na CD. Piga picha namba leo, jitumie mwenyewe. Na kama kampuni bado ipo waandikie, watumie picha ya CD na namba yako, omba nakala nyingine.

Kama CD iliyoharibika ni ya Windows usiililie. Windows 7 iliacha kupewa masasisho Januari 14, 2020, na Windows 10 nayo Oktoba 14, 2025, kwa hiyo ingia tovuti ya Microsoft wenyewe, tengeneza flashi ya kuinstoo Windows ya sasa, iwe ya GB 8 au zaidi, jiandae na bando maana faili linapita GB 5. Laptopu nyingi zilizokuja na Windows 10 kuendelea zina namba yao ya leseni humo humo kwenye bodi, hutaulizwa. Lakini usikubali kupigiwa Windows kutoka flashi ambayo hujui imetoka wapi, nazikuta sana laptopu zimepigwa hivyo na virusi viliingia siku hiyohiyo ya kwanza.

Ukishapata ISO yako usiiache kwenye flashi peke yake, flashi nazo zinakufa ghafla bila dalili. Weka na kwenye hadidiski ya nje. CD nzima haizidi MB 700 hivi, hata kwenye Google Drive ya bure ya GB 15 inaingia na nafasi inabaki tele.