Aliyejibu ni kikombe

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya tiba ya usemi, nimekuwa nikisoma fomu zenu za vipindi na kukaa pembeni mkifundisha vihusishi vya mahali, na jambo ni lile lile. Mtoto anapewa kikombe na kijiko, anaambiwa "weka ndani ya kikombe", anaweka, makofi yanapigwa, alama ya vema inatiwa, mnahamia "juu ya". Kila mtu anatoka chumbani kwa furaha. Naipenda furaha hiyo na sitaki kuizima, ila mtoto hakupimwa chochote. Aliyejibu ni kikombe.

1. Msiache kitu kijibu badala ya mtoto. Eve Clark, mtafiti wa lugha ya watoto, alilionyesha hili mwaka 1973: watoto wadogo sana, wa mwaka mmoja na nusu hivi, wakipewa chombo chenye mdomo huweka kitu ndani, wakipewa kitu chenye uso bapa huweka juu, neno lolote utakalotumia. Wanafanya kinachoeleweka kufanywa na kitu hicho. Mlilisoma darasani na mkalijibu vizuri kwenye mtihani. Mkifika chumbani mnalisahau, kama nilivyolisahau mimi, na gharama yake aliilipa mtoto.

Alikuwa msichana wa miaka minne, msikivu, macho yake yakifuata kila kitu nilichoshika. Kwenye tathmini nilimpa kisanduku kilicho wazi juu, meza ndogo na kitanda cha mwanasesere. "Weka dubu ndani ya kisanduku." Akaweka. "Weka dubu juu ya meza." Akaweka. "Weka dubu chini ya kitanda." Akamlaza sakafuni, karibu na kitanda. Nikahesabu kuwa amepata, nikijiambia kwamba mkono wake haukufika vizuri. Nikaandika kwenye ripoti kuwa anaelewa vihusishi vya msingi vya mahali, na malengo yakahamia kwenye hadithi fupi na maelekezo ya hatua mbili.

Shule iliitegemea ripoti ile, na ilikuwa haki yao. Mwalimu akisema "lete daftari lililo chini ya kitabu", mtoto analeta kitabu. Akisema "simama nyuma ya kiti chako", mtoto anakaa kitini. Kwa kuwa mtaalamu alishathibitisha kwamba anaelewa, ikabaki sababu moja tu: ni mkaidi. Neno hilo likaandikwa kwenye karatasi zake, na mama yake akaniletea karatasi hizo akiwa ameishiwa maneno.

Safari hii nilikilaza kile kisanduku ubavu, nikakiinua juu ya vipande viwili vya mbao, ili dubu aweze kukaa ndani, juu, chini na nyuma kwa urahisi ule ule. Nikasema "juu ya kisanduku". Akamtia ndani. Nikasema "nyuma ya kisanduku". Ndani. Nikasema "chini ya kisanduku". Akanitazama usoni, akamtoa, akamweka sakafuni pembeni, akasubiri makofi yangu.

Mama aliuliza, "Daktari, kwa hiyo wakati wote huo alikuwa halisikii neno?" Nikamjibu kwamba alikuwa analisikia, ila hakuwa analihitaji, mimi ndiye niliyekuwa nikimpa vitu visivyohitaji neno. Nikaandika ripoti mpya, nikaenda shuleni kumweleza mwalimu ana kwa ana. Mwalimu alielewa upesi na akabadilisha namna ya kumwelekeza. Lakini miezi ambayo yule mtoto aliitwa mkaidi kwa kutii alichokisikia haikurudi, na ndiyo sababu nawasumbua kuhusu kikombe na kijiko.

2. Chungeni vitenzi. Ukimwambia mtoto "panda juu ya kiti", neno "juu" limekaa bure, kwa sababu "panda" imeshamaliza kazi. Vivyo hivyo "tia ndani", "ingia ndani", "shuka chini". Unapopima tumia "weka", ambayo haielekei popote. Unapofundisha fanya kinyume: vitumie vitenzi hivyo kwa wingi, maana ndiyo njia mtoto anayopitia kuifikia maana, kisha uviondoe polepole hadi abaki na kihusishi peke yake.

3. "Chini" ina kazi mbili, na mtoto anaijua ile ya kwanza. Tangu aanze kutambaa anaambiwa "weka chini", "kaa chini", na maana yake ni sakafuni. Juzi mmoja wenu aliandika "hafuati maelekezo" kuhusu mvulana ambaye kila akiambiwa "weka mpira chini ya kiti" aliuweka sakafuni kwa adabu zote. Alifuata! Alisikia "weka mpira chini". Fanyieni zoezi hili mezani: kikombe kimepinduliwa, kitufe kinatakiwa kiende chini ya kikombe. Mtoto akikidondosha sakafuni, unajua papo hapo ni "chini" ipi aliyoisikia.

Ulizeni pia maneno ya nyumbani. Kuna watoto wasioitikia "chini ya kitanda", lakini ukisema "uvunguni" wanakwenda mbio na kurudi na vitu ambavyo mama alishavikatia tamaa. Mtoto huyo ana dhana tayari. Kazi yako kwake ni ndogo kuliko unavyodhani, na lengo lake liandikwe hivyo.

4. Andikeni alichosema mtoto, neno kwa neno. Vipimo vingi tulivyorithi, ukiwemo ule wa Ann Boehm wa dhana 50 za msingi, vilitungwa kwa Kiingereza, na ukivitafsiri vinadai kihusishi mahali ambapo Kiswahili hakikidai. Umemuuliza mtoto "mpira uko wapi?" naye akasema "umo mle". Mmoja wenu alimtia kosa kwa sababu hakusema "ndani ya". Nilisoma mara mbili nisiamini. "Umo" imeshasema ndani, na "mle" imerudia kusema ndani! Mtoto huyo ametumia mahali pa MU kwa usahihi na wewe umemnyima alama. Aliyesema "sandukuni" naye amejibu. Kinachobaki ni kujua mipaka ya -ni: "mezani" haitofautishi kilicho juu ya meza na aliyeketi mbele yake, kwa hiyo ukihitaji tofauti hiyo, tengeneza mchezo unaoilazimisha.

Kwa watoto wenye usikivu hafifu muwe waangalifu zaidi. Katika "mezani" mkazo unaangukia kwenye "za" na -ni inabaki mwishoni ikiwa dhaifu. "Ya" katika "juu ya" nayo hupita upesi. Hakikisheni kwanza kwamba mtoto ameyasikia kabla ya kuamua kuwa hayaelewi.

5. Mikono mapajani na macho usoni kwa mtoto hadi amalize, kwa sababu ukiitazama meza umeshamwambia jibu.

6. Fuateni mfuatano. Judith Johnston na Dan Slobin, mwaka 1979, walilinganisha watoto wanaojifunza Kiingereza, Kiitaliano, Kituruki na Kiserbo-Kroatia, wakakuta njia inayofanana: ndani, juu, chini na kando hutangulia; kati, na mbele na nyuma ya vitu vyenye uso, yaani vyenye upande wa mbele unaojulikana, hufuata; mbele na nyuma ya vitu visivyo na uso huja mwisho. Kiti kina mbele yake, gari lina mbele yake, mwanasesere pia. Mbele ya mpira ni wapi? Inategemea nani anatazama, na hata jamii hazikubaliani: Clifford Hill aliandika mwaka 1982 kuhusu wasemaji wa Kihausa ambao huuita "mbele" upande wa mbali wa kitu, pale msemaji wa Kiingereza angeuita nyuma. Kwa hiyo msimtie mtoto kosa kwa mpira au ngoma kabla ya kumsikiliza mlezi wake akielekeza. Kushoto na kulia kwa mtoto wa miaka minne, naomba muache kabisa.

7. Mtoto akionyesha kwa kidole amejibu. Ukitaka aseme, fanya kidole kisifae: simamisha ubao kati yenu, kila mmoja na seti yake ya vitu, yeye aelekeze na wewe utii. Tiini kwa ukali. Akisema "weka paka pale", mwekeni paka kichwani kwenu. Kuna mvulana aliyekuwa hasemi zaidi ya "pale" ambaye alisimama, akachungulia juu ya ubao, akaona mahali nilipomweka paka wake, akapiga kelele "Siyo! Nyuma ya nyumba!" Watoto hupenda sana kumtuma mtu mzima. Itumieni nafasi hiyo kuliko kadi za picha.

8. Mwili kwanza, vitu baadaye, picha mwisho. Kwenye picha, aliye nyuma ya mti ni kichwa na mguu mmoja tu, na mtoto anayewaambia kuwa mtu huyo amekatika anawaambia kitu cha kweli kuhusu karatasi.

Hapa wanaoachwa nyuma ni watoto wenye mtindio wa ubongo. Wengine wanapewa kadi tangu siku ya kwanza kwa sababu hawatembei. Muulizeni mlezi: mtoto huyu amewahi kuwa chini ya kitu, au nyuma ya mlango, au katikati ya watu wawili waliosimama? Mara nyingi mlezi hunyamaza, halafu anasema hajawahi, kwa kuwa siku zote yuko kitini au mgongoni. Basi wekeni kadi kabatini. Mshaurianeni na mtaalamu wa viungo namna salama ya kumlaza, tandikeni mkeka chini ya meza, mwingizeni, nanyi mwingie naye. Mwambieni mko wapi. Mtoeni, mwambieni tena. Mkimwona anaitazama meza kabla hamjamaliza kusema "twende chini ya…", mna cha kuandika kwenye fomu.