Karakana Yetu: Msumeno unapokwama na kumrukia fundi

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina msumeno wa umeme wa mkononi, wenye diski ya mm 185. Nikipasua plaiwudi ya mm 18 iliyolazwa juu ya meza mbili, moja huku na moja huku, nikifika katikati msumeno unakwama, kisha unaruka kurudi kwangu. Diski ni mpya. Je, mashine ni mbovu?
*Msomaji, Keko, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba. Mashine ni nzima, tatizo liko chini ya plaiwudi. Ubao uliobebwa ncha mbili hubonyea katikati, na kadiri unavyoukata ndivyo unavyozidi kulegea. Njia iliyopita msumeno inajifunga kwa juu na kuibana diski. Diski ya ukubwa huo huzunguka takriban mara 5,000 kwa dakika, yaani meno yanakwenda karibu mita 48 kila sekunde. Ikibanwa, meno ya nyuma, ambayo kila mara yanashuka chini, huung'ata ubao kwa juu, na msumeno wote unachomoka kukufuata.

Tandika mbao nne za 2 kwa 2 sakafuni au juu ya meza imara, zielekee upande mmoja na mstari wa kukata: mbili kulia, mbili kushoto, zile za ndani ziwe kama sm 10 kutoka kwenye mstari. Hapo plaiwudi haina pa kubonyea, na ukimaliza vipande vyote viwili vinabaki vimelala. Mkato ukiwa mrefu, chomeka kabari nyembamba nyuma ya msumeno ili njia isijifunge. Lakini ukikata ncha ya ubao mrefu, fanya kinyume: bana upande mrefu kwa klampu, kipande kifupi kiache kining'inie kidondoke chenyewe. Ukikishikilia kwa chini, unaibana diski mwenyewe.

Kina nacho kina maana. Meno yatokeze chini ya ubao mm 5 tu. Simama pembeni ya mstari wa diski, si nyuma yake. Msumeno ukianza kuguna, achia swichi na uushikilie palepale mpaka diski isimame kabisa. Kuuvuta nyuma ilhali unazunguka ndiko kunakouchomoa. Na kinga ya chini, ile inayorudi kwa springi, tunakuomba sana usiifunge kwa waya wala kuizuia kwa kipande cha mbao. Kila asubuhi, plagi ikiwa nje, ifungue kwa kidole uiachie: ikirudi kwa uvivu, safisha vumbi la mbao lililojaa ndani.

SWALI: Ninatengeneza makabati. Plaiwudi inachanika ukingoni, tena vipande vinapungua milimita moja au mbili ingawa napima vizuri.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Meno huingia kwa chini na kutokea juu, kwa hiyo uso wa juu ndio unaochanika. Laza uso mzuri chini. Tumia diski ya meno 40 hadi 60. Ya meno 24 ni ya kupasua mbao kwa urefu. Kubandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi juu ya mstari kunasaidia pia.

Milimita zinazopotea zimeliwa na diski yenyewe, ambayo nyingi hula kama mm 2. Plaiwudi ya mm 2440 ukitaka vipande vinne sawa, unakata mara tatu, mm 6 zinageuka unga. Kila kipande kitakuwa mm 608.5, si 610. Pitisha diski upande wa kipande cha kutupa, mstari wa penseli ubaki ukionekana.

Usiuamini mkono kwenye mkato mrefu. Chukua rula ya aluminiamu, ile wanayovutia plasta mafundi ujenzi, uibane kwa klampu mbili, kitako cha msumeno kitambae nayo. Kujua uiweke umbali gani, kata kwanza kipande kibovu ukiwa umebana rula, kisha pima kutoka rula hadi ukingo wa mkato. Namba hiyo iandike kwenye kitako. Ukibadilisha diski, pima upya.

SWALI: Nikikata mvule, diski inatoa moshi na mbao inaungua.
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani ya nyuzi zake, vinaua makali haraka. Toa plagi, angalia meno: yakiwa butu yanolewe, yakiwa na utomvu, loweka diski kwenye maji moto yenye sabuni, sugua kwa mswaki, kausha. Vaa barakoa, vumbi la mvule linawasha pua na koo.

SWALI: Msumeno ni ghali. Naweza kufunga diski ya mbao kwenye grenda?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Grenda ndogo huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, haina kitako cha kutulia juu ya mbao, wala kinga inayofunika meno ukimaliza kukata. Diski ikibanwa, grenda inaruka kuelekea paja au shingo. Diski kubwa ndiyo mbaya zaidi, maana hutoshea tu kinga ikiondolewa, na kasi hiyo inaweza kuzidi ile iliyoandikwa juu yake. Kwa bajeti ndogo, nunua msumeno mzuri wa mkono, au wapelekee wenye mashine wakupasulie mbao.