Kabla hujalipia leiza ya macho: yaliyonikuta mimi mtu wa mlimani

Nimevaa miwani tangu darasa la sita. Mwalimu wa hesabu alinitoa dawati la nyuma akanileta la mbele, bado sioni, akamwita mama shuleni akamwambia mtoto wako ubao anaubahatisha. Kuanzia hapo namba ya miwani ikawa inapanda kila nikienda kupima, mainasi (namba ya mtu asiyeona mbali) moja na nusu, mainasi tatu, mpaka nilivyovuka miaka ishirini na kitu ikatulia kwenye mainasi tano jicho la kulia na nne na robo tatu la kushoto. Sasa tangu nifanyiwe leiza, ile operesheni ya kuchonga jicho ili uone mbali bila miwani, watu hawaachi kupiga simu, "kaka wewe si ulifanya, vipi na mimi nifanye?", na mimi hilo swali haliwezi kujibika kwa dakika mbili za simu. Acha niandike yote hapa.

Kazi yangu ni kupandisha wageni Kilimanjaro, naishi Moshi, Pasua. Nalisema mapema kwasababu kazi yangu ndo iliyoamua karibu kila kitu.

Usiku wa kwenda kileleni tunatoka kambi ya Barafu kwenye saa sita usiku hivi, mko zaidi ya mita 4,600, baridi inakula vidole, umevaa kininja mpaka puani, na kila ukipumua mvuke unapanda kwenye miwani unaganda pale pale. Ukivaa huoni, ukivua huoni. Kuna usiku nilimshusha mgeni anatapika kutokea karibu na Stella Point, pale ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, miwani nimeiweka mfukoni kwasababu imeganda kabisa, mkono mmoja nimemshika yeye na macho yangu nimeyategesha kwenye visigino vya mwenzangu aliyetangulia. Tulifika salama, namshukuru Mungu, ila nilivyokaa kwenye hema nikajiuliza, hivi yule mgeni angejua anayemshika haoni mita tatu mbele angekubali? Sikulala.

Lenzi za kubandika jichoni nilishajaribu, misimu miwili. Kambini mnanawa beseni moja, vumbi kila mahali, dawa ya kuhifadhia lenzi usipolala nayo ndani ya begi la kulalia asubuhi unaikuta barafu. Siku moja nilishuka na jicho jekundu kama nyanya, nikaenda kwa daktari wa macho akaniambia wazi kwamba maji yasiyo safi na lenzi havikai pamoja, kuna vijidudu vinaishi kwenye maji ya kawaida kabisa na vikinasa chini ya lenzi vinaishambulia konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, na kupona kwake ni kazi ngumu sana. Nikaziacha siku ile ile.

Hapo ndo nikaanza kutafuta habari za leiza kwa nguvu.

Sehemu ya kwanza niliyoenda sitaitaja, walinipokea vizuri, soda, kiti cha kuzunguka, wakanipa bei na ofa ya "ukilipa wiki hii" kabla hata hawajaniangalia jicho. Wakanipima namba ya miwani tu, wakasema uko sawa, njoo Jumatatu. Nilikaribia kulipa. Kilichonizuia ni dada yangu ambaye naye alikuwa anataka kufanya, akasema tuulize kwanza sehemu nyingine, na naomba usome mpaka mwisho ujue lile neno lake lilikuja kumwokoa yeye mwenyewe.

Tukaenda Nairobi, mimi na yeye, basi la asubuhi kupitia Namanga. Tumefika, daktari ananiuliza lenzi umevua lini, nikasema jana, maana nilikuwa nimezirudia ile wiki ili nionekane vizuri kwenye harusi ya shemeji yangu. Akakataa kunipima. Lenzi inabadilisha umbo la konea kwa muda, kwahiyo vipimo vyote vinakuwa vya uongo, zile laini unatakiwa uache kama wiki mbili hivi kabla ya vipimo na zile ngumu zaidi ya hapo. Nauli ikapotea, nikarudi Moshi nikavaa miwani wiki tatu kisha nikaenda tena. Usirudie hili kosa.

Sasa vipimo vyenyewe. Ukienda sehemu wasikupime hivi ondoka. Kuna kupima unene wa konea, kuna mashine inayochora umbo lake mbele na nyuma kama ramani ya milima yenye rangi rangi, kuna kupima ukavu wa macho, wanapima presha ya jicho, wanapima mboni inapanuka kiasi gani gizani, alafu wanakuwekea dawa ya kuipanua mboni waangalie nyuma kabisa kwenye retina, ile ngozi ya ndani inayopokea picha. Hiyo ya mwisho watu wa mainasi kubwa msiiruke, jicho letu ni refu kuliko la kawaida na retina imevutwa, na leiza inachonga mbele tu, urefu wa jicho unabaki vile vile. Maana yake hata baada ya kutupa miwani, ukiona vimulimuli au vidoa vyeusi vingi vya ghafla au kama pazia linashuka, unakimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Konea ya mtu wa kawaida katikati ina unene wa kama nusu milimita, mikroni 540 hivi. Yangu ilikuwa 502. Daktari akachukua karatasi akanipigia hesabu mbele yangu, na nilimpenda kwa hilo. Kwenye LASIK, aina moja ya hii leiza, wanakata kifuniko chembamba cha juu, kama mikroni 110, wanakifunua, leiza inachonga chini yake, kisha kifuniko kinarudishwa. Kila namba moja ya mainasi inakula takriban mikroni 14 au 15. Kwahiyo kwangu 110 ya kifuniko ukijumlisha na 75 ya kuchonga, inabaki 317. Kinachotakiwa kubaki kisipungue 250, na wengi wanapenda ibaki 300. Akasema inawezekana lakini hapendi, akiba inayobaki ni ndogo. Akaniuliza unafanya kazi gani.

Nilivyomwambia napanda mlima akaweka kalamu chini.

Akanisimulia habari ya Beck Weathers, daktari wa Marekani aliyekuwa Everest mwaka 1996. Yule bwana alikuwa amefanyiwa operesheni ya zamani, siyo ya leiza, ile ya kuchanja konea kwa kisu kwa mistari kama spoki za baiskeli. Alivyofika juu sana, hewa ya oksijeni imepungua, konea yake ikavimba kwenye ile michanjo, macho yakapotea karibu kabisa, akabaki anasubiri wenzake wamshushe mpaka dhoruba ikamkuta. Alipona lakini alipoteza mkono na pua. Daktari akanielewesha kwamba leiza za sasa hazina tabia hiyo kwa kiwango kile, konea haichanjwi mistari, mabadiliko ya namba kwenye miinuko ni madogo sana, ila kwa mtu wa kazi yangu yeye angechagua PRK, aina nyingine ya leiza, kuliko LASIK. Sababu mbili, PRK haina kifuniko cha kuja kuteguka ukipigwa na fimbo ya kutembelea au tawi jichoni, na inaacha konea nene zaidi. Wanachofanya wanaikwangua ile ngozi ya juu kabisa tu, leiza inachonga, na ngozi inaota yenyewe.

Mwanzoni nilifikiri swali ni "leiza ni nzuri au mbaya". Inafanya kazi, watu wengi sana wanaona vizuri baada yake. Swali ni jicho lako lina nini cha kutoa, na maisha yako yanataka nini kutoka kwenye hilo jicho. Mtu wa ofisini Arusha mwenye konea ya 560 na mimi hatuwezi kupewa jibu moja hata kama namba zetu zinafanana.

PRK inauma. Watu wa LASIK wengi kesho yake wanaona, sisi hapana. Operesheni yenyewe ni dakika chache, matone ya ganzi, unaangalia taa fulani, unasikia harufu kama nywele zinaungua, huumwi kitu. Usiku ndo inaanza. Siku tatu za kwanza nilikuwa gesti giza totoro, machozi yanatoka kama nakata vitunguu, mwanga wa simu tu unachoma. Wanakuwekea lenzi ya kuziba kidonda, siku ya tano wakaitoa. Kuona kwenyewe kulirudi polepole, wiki ya kwanza kama unaangalia kupitia kioo chenye jasho, mwezi ukaisha ndo nikasoma bango la Boma Ng'ombe kutoka mbali bila kukunja uso, na nililia kwenye daladala, sioni aibu kusema.

Ila kilichonigharimu zaidi hakikuwa maumivu wala ile karibu milioni sita niliyotumia ukijumlisha nauli na gesti na dawa. Ni jua. Baada ya PRK konea inaweza kuota kama ukungu mweupe, na mionzi ya jua inachochea, na ule ukungu unaweza kuja miezi kadhaa baadaye wakati umeshajisahau. Walinipaka dawa ya kuuzuia wakati wa operesheni, lakini daktari akaniambia hakuna mlima kabla ya miezi sita. Kule juu jua ni kali kuliko mnavyolijua huku chini, tena likipiga kwenye barafu linakurudia usoni. Nilifanya mwisho wa Machi, nikitegemea masika ya Aprili na Mei ambapo kazi hakuna, nikajua nitapona kabla ya Juni. Badala yake nilikosa Juni, Julai, Agosti mpaka Septemba, msimu mzima ambao ndo unalisha nyumba. Mama watoto aliuza ndizi Mbuyuni ile miezi, na hilo sikulipanga, nilipaswa kukaa naye chini tukaongea kabla. Kama kazi yako ni ya jua, boda, shamba, ujenzi, utalii, pigia hesabu miezi ya kukaa, siyo bei ya operesheni tu.

Na matone. Nilipewa ya antibayotiki na ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), za steroidi miezi kama mitatu unapunguza taratibu. Hizi zinaweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kusikia chochote, kwahiyo lazima upimwe wakati unazitumia, mimi nilipimwa hapa hapa Moshi. Mtu asije akaona zimebaki akaendelea nazo au akamgawia jirani mwenye macho mekundu. Naona sana hii tabia mtaani na inaniogopesha kweli.

Usiku bado naona miale. Lori likija na taa kali barabara ya Arusha lile duara la mwanga linakuwa kubwa kuliko zamani, mwaka wa kwanza niliacha kabisa kuendesha usiku, sasa ni mwaka wa pili limepungua ila lipo. Macho yanakauka pia, hasa Agosti vumbi la Pasua likiamka, natembea na machozi ya chupa mfukoni na mlimani naweka kila baada ya masaa machache.

Kitu kingine ambacho wenzangu wa miaka 38, 40 wanakisahau. Mama yangu ana mainasi tatu na ana miaka zaidi ya 60, anavua miwani anasoma Biblia yenye herufi za sisimizi bila shida. Ile ni zawadi ya mainasi. Ukishachongwa uone mbali, ukifika arobaini na kitu utahitaji miwani ya kusomea kama watu wengine wote, na ile zawadi ndo umeirudisha. Mimi niliamua naihitaji mbali kuliko karibu kwa ajili ya mlima. Fundi cherehani au fundi simu angefikiria mara mbili.

Dada yangu sasa. Yeye tangu mdogo ana aleji ya macho, anayafikicha mpaka usiku usingizini. Mashine ya ramani ilionyesha konea yake imeanza kutokeza chini kama ncha ya koni, inaitwa keratokonasi. Leiza kwa jicho hilo ni marufuku, ukiipunguza konea ambayo tayari ni dhaifu inazidi kutokeza na unaweza kuishia kuhitaji konea ya mtu mwingine. Kumbuka ile sehemu ya kwanza, naye walishamwambia njoo Jumatatu. Kwa namba ya miwani tu. Mpaka leo nikifikiria nasisimka. Badala ya leiza alifanyiwa matibabu ya matone ya vitamini na mwanga maalum ya kuikaza konea isiendelee kutokeza, bado anavaa miwani, haoni kama tai, lakini anaona, anafundisha, na ameacha kufikicha.

Makaratasi ya vipimo vyako vya kabla ya operesheni yatunze kama hati ya shamba. Ukizeeka ukapata mtoto wa jicho, daktari atakayekuwekea lenzi mpya atahitaji kujua jicho lilikuwaje kabla halijachongwa, na hata presha ya jicho kwenye konea iliyopunguzwa inasomeka chini kuliko ilivyo. Mimi nimepiga picha nimezituma kwa mama watoto na kwa dada, na nakala nimeweka kwenye faili langu la kliniki.

Juzi kijana mmoja mpagazi, sisi tunawaita wagumu, kanifuata geti la Machame ana miaka 19, ameshaweka akiba ya laki nane na anataka niende naye Nairobi. Nikamwambia alete karatasi zake za miwani za zamani. Mwaka juzi mainasi mbili, mwaka huu mbili na robo tatu. Nikamwonyesha, namba bado inatembea, wakikuchonga leo mwakani utakuwa unavaa miwani tena na hela imeenda. Alinuna kidogo. Tukaenda wote mjini tukatafuta fremu nyepesi yenye mkanda wa nyuma ya kichwa, tukakubaliana apime tena mwakani mwezi huu huu, na kama imesimama mwaka mzima basi la Namanga tunapanda wote.