Simujanja kwenye kazi za nje Kigoma: mambo ya kuweka sawa kabla hujatoka mjini

Anayepangiwa kazi Kigoma kwa mara ya kwanza, awe bwana shamba, karani wa mwaloni (ufukweni samaki wanakoshushwa) au mkusanya takwimu, mara nyingi huja na simu inayoweza kufanya kazi nyingi za kompyuta ya ofisini. Halafu huitumia kupiga, kuingia WhatsApp na kumulika. Tatizo siyo uvivu. Karibu kila kitu kwenye simu hiyo kimewekwa kimjini, kinategemea mtandao, na mtandao wenyewe ukishaiacha barabara kuu upande wa Kasulu, au ukishuka na boti kuelekea Kalya, huja na kupotea. Kwa hiyo jambo lenye uzito kuliko yote yaliyomo humu ni hili: simu ya kazi huandaliwa mjini, penye Wi-Fi na umeme, jioni ya kabla ya safari. Anayekumbuka kupakua ramani akiwa ameshafika kijijini amechelewa.

Anza na saa. Wageni wengi hawalijui hili, na linaharibu kazi kimyakimya. Tanzania iko saa moja mbele ya Burundi na mashariki ya Kongo. Ukiwa Kagunga, Manyovu au ndani ya ziwa, simu inaweza kunasa mnara wa ng'ambo, ikajirudisha nyuma saa moja bila kukuuliza. Kengele uliyoitega iamshe saa kumi na moja alfajiri italia saa kumi na mbili, na boti imeondoka. Kibaya zaidi, fomu na picha zako zitaandikwa muda usio sahihi, na mkaguzi akilinganisha na za mwenzako ataona mtu mmoja amehojiwa kabla hujafika kwake. Fungua Mipangilio, nenda kwenye Tarehe na saa, zima chaguo la kuweka saa za eneo kiotomatiki, kisha chagua Dar es Salaam au Tanzania kwa mkono. Chaguo la kuweka saa yenyewe kiotomatiki liache limewaka, maana ndilo linaloifanya dakika isipotee.

Ukiwa bado kwenye Mipangilio, zima ruhusa ya kutumia data kwenye mitandao mingine. Salio linaweza kuyeyuka kwa mnara wa nchi jirani huku simu iko mfukoni. Ukikaa mpakani siku kadhaa, chagua kampuni ya laini yako kwa mkono badala ya kuiachia simu itafute. Ukirudi mjini, irudishe kwenye otomatiki.

Ramani na GPS

Wengi huamini GPS inakula bando. Haili. Simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti, haitumi chochote. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayochorwa nyuma ya kile kidoti cha buluu. Ukiwa umeipakua ramani mapema, unaweza hata kuweka hali ya ndegeni na bado ukajua ulipo, kwa simu nyingi za sasa.

Kwenye Google Maps, gusa picha ya akaunti yako, chagua ramani za nje ya mtandao, sogeza mraba ufunike eneo lako lote la kazi, pakua. Lakini ukiwa huna mtandao, Google Maps hukuelekeza njia za gari tu, siyo za mguu. Ndiyo maana inafaa uwe pia na Organic Maps, inayotumia ramani huria ya OpenStreetMap. Hiyo huonyesha vijia vingi vya miguu, na faili lake unalipakua mara moja. Weka zote mbili. Moja inajua barabara, nyingine inajua vichochoro.

Ukiwasha GPS sehemu isiyo na data, usishangae ikichelewa. Penye mtandao, simu huambiwa na intaneti setilaiti zipo wapi. Pasipo mtandao hulazimika kuzisikiliza setilaiti zenyewe, na kila moja huchukua takriban sekunde 30 kutangaza njia yake. Mwembe ukikatiza mawimbi katikati, zoezi linaanza upya. Simama mahali peupe, tulia dakika chache, usitembee huku ukiitikisa simu. Usirekodi nukta mpaka usahihi unaoonyeshwa ushuke hadi mita 5 au chini ya hapo.

Sasa makosa ya namba za mahali. Mstari wa longitudo 30 Mashariki unapita ndani ya mkoa huu, kati ya Kigoma mjini na Kasulu. Katika mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa mita ndani ya kanda badala ya nyuzi, magharibi ya mstari huo ni kanda ya 35 Kusini na mashariki yake ni kanda ya 36 Kusini. Ukiandika namba za UTM za Ujiji halafu aliye ofisini akazisoma kama za kanda ya 36, shamba linaruka nyuzi 6 nzima na kutua upande wa Kondoa. Mkoani Tabora hili halisumbui kiasi hiki, kwa sababu Tabora yenyewe na wilaya zake ziko kanda ya 36. Kwa Kigoma, dawa ni kuacha UTM kwenye simu na kuandika nyuzi za desimali, kwa mfano -4.88 na 29.63. Alama ya kutoa ni sehemu ya namba. Ukiisahau, nukta inavuka ikweta na kwenda Sudan Kusini.

Na ukikabidhiwa ramani ya karatasi ya zamani ili uilinganishe na simu, tazama pembeni imeandikwa msingi gani wa vipimo. Nyingi zimechorwa kwa Arc 1960, wakati simu hutumia WGS 84. Mahali pale pale panaweza kutofautiana takriban mita 300. Hapo simu haijakosea wala ramani haijakosea, ila huwezi kuhamisha namba kutoka moja kwenda nyingine bila kuzibadilisha.

Kupima shamba kwa simu

Hapa ndipo simu inapookoa muda mwingi, na hapa hapa ndipo inapomdanganya mgeni. Chukua mfano wa mchikichi, zao ambalo Kigoma huwezi kulikwepa. Ukipanda kwa pembetatu yenye nafasi ya mita 9, kila mche unachukua takriban mita za mraba 70, kwa hiyo ekari moja, yaani mita za mraba 4,047, inabeba miche 57. Ekari ya mraba ina upande wa karibu mita 64, zile hatua 70 kwa 70 ambazo wakulima wanazijua.

Sasa simu yenye kosa la mita 2 tu, ikiusogeza mpaka nje kila upande, inaifanya ekari hiyo ionekane kubwa kwa asilimia 13 hivi. Hiyo ni miche 7 ambayo mkulima ataiomba na haina pa kukaa. Kosa hilo hilo kwenye shamba la ekari 10 ni asilimia 4 tu. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: shamba lililo chini ya ekari moja, pima kwa kamba au futi ya mita 50, halafu tumia simu kama kikokotoo tu. Kuanzia ekari 2 kwenda juu, tembea mpaka ukiwa na programu ya kupima eneo, na uzingatie haya: shika simu juu ya usawa wa kifua, tembea kwenye mpaka wenyewe na siyo kando yake, simama sekunde 10 kila kona kabla ya kurekodi nukta, na zunguka mara mbili. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya asilimia 5, zunguka tena. Chini ya michikichi iliyokomaa majani hufunika anga, na hapo rekodi kona tu, usiiache programu irekodi njia nzima, maana itachora mpaka wenye meno ya msumeno.

Vipimo vya ekari na hekta hubadilishwa kwa kuzidisha hekta mara 2.471. Angalia programu yako imewekwa kwenye kipi kabla hujamtajia mkulima namba.

Fomu na majedwali

Ofisi nyingi zinatumia KoboCollect, programu ya kujaza fomu kwenye simu, au programu za jamii yake. Ni nzuri kwa sababu hazihitaji mtandao wakati wa kujaza. Zinauhitaji mara mbili tu: kupakua fomu tupu na kutuma zilizojazwa. Pakua fomu mjini, kisha weka hali ya ndegeni na ujaze moja ya majaribio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama kuna swali linalogoma au picha isiyopigika, ni heri ulijue ukiwa mjini. Kumbuka kuifuta ya majaribio.

Fomu zilizojazwa hukaa ndani ya simu mpaka zitumwe. Simu ikijaa na wewe ukaenda kwenye Mipangilio ukafuta data ya programu ili kupata nafasi, umefuta na kazi ya wiki. Ukitaka nafasi, futa kwingine, na kwa kawaida mla nafasi mkuu ni WhatsApp. Zima upakuaji wa picha na video wa kujiendesha ndani yake. Utaokoa nafasi na bando kwa pamoja.

Kwenye Excel au Google Sheets, namba za simu za watu hupoteza sifuri ya mwanzo, kwa sababu programu hudhani ni hesabu. Iweke safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kuingiza, siyo baada. Tarehe ziandike mwaka kwanza, kama 2025-04-03, la sivyo tarehe 3 Aprili itasomwa Machi 4 kwenye kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani. Google Sheets nayo haifunguki bila mtandao mpaka uwe umeruhusu faili husika kutumika nje ya mtandao, na ruhusa hiyo unaiweka ukiwa bado una mtandao.

Karatasi za mwaloni, stakabadhi na barua usizipige picha ya kawaida. Tumia sehemu ya kuskani ndani ya Google Drive, weka karatasi juu ya kitu cheusi karibu na dirisha, simama upande ambao kivuli chako hakiiangukii. Kama lazima upitishe picha WhatsApp, itume kama faili. Ukiituma kama picha inabanwa, na tarakimu ndogo za mizani hazisomeki tena.

Chaji

Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh haikupi 10,000. Namba hiyo ni ya betri za ndani kwenye volti 3.7, simu inachajiwa kwa volti 5, na njiani kuna upotevu. Tarajia asilimia 60 hadi 65, yaani kujaza simu ya 5,000 mAh mara moja na kidogo. Pawabenki ya kweli huwa na namba ya pili kwa maandishi madogo, inayotaja uwezo halisi kwenye volti 5. Isiyo nayo, iache dukani.

Mtandao dhaifu unaweza kumaliza betri kuliko kioo. Simu isiyopata mnara huongeza nguvu na kutafuta bila kupumzika. Sehemu zisizo na mtandao weka hali ya ndegeni, na uiondoe kwa vipindi unavyojua.

Kama unatumia paneli ya sola, ujue kwamba jua la Kigoma hufika juu kabisa kama saa saba mchana, siyo saa sita, kwa kuwa tuko mbali magharibi katika ukanda wetu wa saa. Muda mzuri ni saa tano hadi saa tisa. Chaji pawabenki, siyo simu, na iweke kivulini chini ya paneli. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45, na kifaa kilichoanikwa juani hufika hapo haraka. Kwenye vibanda vya kuchaji pia peleka pawabenki. Simu yenye fomu za watu isilale kwenye meza ya mtu mwingine.

Maji, vumbi na siri za watu

Kwenye boti, simu ikae ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa kubana. Kioo kinagusika hata kupitia plastiki. Ikilowa, izime, usiichaji mpaka tundu la chaji likauke kabisa, na usiizike kwenye mchele, unaoongeza unga bila kukausha cha maana. Vumbi jekundu la barabarani hujaa kwenye tundu hilo hadi waya ukaanza kulegea. Zima simu, lichokonoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Sindano ya chuma itapinda au kuunganisha meno ya ndani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina, namba za simu na namba za NIDA ulizokusanya zinaangukia humo. Weka namba ya siri ya tarakimu 6, usitume orodha kwenye kundi la WhatsApp, na andika IMEI ya simu (namba yake ya utambulisho) kwenye daftari kwa kubonyeza *#06#, ili ikipotea uwe na cha kutaja polisi.

Kila jioni nakili kazi ya siku kwenye flashi ndogo yenye kichwa cha kuingia kwenye simu, ndani ya folda yenye tarehe na jina la kijiji. Usilitoe faili kwenye simu mpaka mtu wa ofisini awe amelifungua kwenye kompyuta na kukuthibitishia idadi ya fomu. Kunakili peke yake hakutoshi, kwa kuwa flashi na kadi za bei rahisi hujitangaza kuwa na gigabaiti 64 wakati ndani zina 8, na zikijaa huendelea kupokea majina ya mafaili yasiyo na kitu ndani.